Mstari wa Rangi ya Kucha

Siku za likizo ya Desemba, Nyaboke aliamshwa na mlio wa mwiko juu ya sufuria. Mama yake, Priscilla, aligonga mara moja tu. Hakuwa mtu wa kurudia. Aliyebaki kitandani baada ya mlio huo alivuliwa blanketi, na alfajiri ya mji mdogo wa Rodi Kopany ina baridi yake.

Nyaboke alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko, kusukuma chapati na kubeba birika la uji hadi karakana ya Bwana Willis, kando ya barabara iendayo Rongo. Bwana Willis alikuwa amemruhusu mama yake kuweka meza ndani ya ua na kuwauzia wafanyakazi chakula. Nafasi hiyo ndiyo iliyowalisha. Tangu wahame kutoka Kisii hawakuwa na shamba la kutegemea. Walikuwa na jiko, meza, na mikono ya wanawake wawili: Priscilla, na mdogo wake, Scovia.

Scovia alifanya kazi ndani ya karakana. Nyaboke alimwita mama mdogo, ingawa wakati mwingine walicheka pamoja kama dada. Kila Jumapili Scovia alimketisha Nyaboke kati ya magoti yake na kumsuka. Mistari yake ilinyooka kama matuta ya viazi vitamu kwa mkulima asiye mvivu. Wanawake wa soko walikuwa wakimsimamisha Nyaboke njiani ili wamtazame kichwa.

Karakana ilitengeneza masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni hubeba Januari. Scovia aliendesha presi. Ilikuwa mashine ya chuma, ndefu kuliko mtu. Juu yake palikuwa na kipande kizito walichokiita nyundo. Scovia aliweka bati, akabonyeza vitufe viwili kwa mikono yote miwili, nyundo ikashuka, ikapanda, ikasimama juu. Tayari bati lilikuwa limekunjwa likawa kona ya sanduku.

Sakafuni, kuizunguka presi, palikuwa na mstari wa njano. Watoto hawakuruhusiwa kuuvuka. Bwana Willis alikuwa amesema hivi mbele ya watu wote: "Nikimkuta mtoto ndani ya mstari huu, yeye na aliyemleta watatoka getini pamoja."

Nyaboke na rafiki yake Elvis, ambaye mama yake alikunja mabati kwenye meza ya jirani, walizoea kusimama nje ya mstari na kutazama. Siku moja Elvis alimwuliza fundi Mniko, "Nyundo inajuaje kusimama juu?"

Mniko alikuwa Mkuria mrefu, mpole, aliyetunza mashine zote za pale. Alifungua kisanduku kilichokuwa ubavuni mwa presi.

"Hii ni swichi ya taimingi," alisema. "Mnaona mnyororo huu? Ni wa pikipiki. Unatoka kwenye shafti, mhimili mkubwa wa presi, unazungusha haka kagurudumu kenye nundu. Nyundo ikifika juu, nundu inasukuma kijiti, klachi inaliachia lile gurudumu kubwa linaloizungusha presi, breki inakamata. Nyundo inasimama."

"Nundu ikichelewa?" Nyaboke aliuliza.

"Wewe mtoto wa Kisii unauliza kama askari wa mpakani," Mniko alisema, na Elvis akacheka. "Umewahi kusukuma mkokoteni mlimani? Ukiuachia kileleni, unatulia. Ukiuachia baada ya kilele, unateremka wenyewe. Nyundo ni hivyo hivyo. Ikipita kilele, breki peke yake ndiyo inayoishikilia, na breki ikipata moto huteleza."

Kisha akawaonyesha sahani ya chuma mwishoni mwa shafti, iliyozungukwa na nati nane. Kando ya nati moja palikuwa na mstari mwekundu wa rangi. Mstari mwingine ulikuwa kwenye mwili wa presi.

"Mistari hii miwili ikikutana, nyundo iko kileleni. Kila asubuhi Scovia hupiga pigo kavu, yaani bila bati wala mkono, kisha anatazama. Mistari ikikutana, anafanya kazi. Isipokutana, ananiita."

Ijumaa moja, jua lilipoanza kuinamia mapaa ya soko, Scovia alikuwa bado anafuta presi. Wao ni Waadventista. Sabato huingia jua likizama, na kabla ya hapo maji yawe yameshatekwa, chakula kimepikwa na nguo zimepigwa pasi. Scovia alikuwa na shughuli moja zaidi. Siku za kazi alipenda kupaka kucha zake rangi nyekundu, na wazee wa kanisa hawakupenda kuiona. Kwa hiyo kila Ijumaa alitoa kopo lake chini ya benchi. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha rangi na kichupa cha dawa ya kuiondoa, na hapo aliifuta upesi upesi.

"Nitachelewa," alisema akikagua vidole. "Mama yako ataniungurumia mpaka kesho."

"Nenda, mama mdogo. Mimi nitamalizia kufuta."

Scovia alitazama huku na huku. Bwana Willis alikuwa ameondoka. Umeme ulikuwa umezimwa, na nyundo ilikuwa imeshushwa ikalala chini juu ya kigogo cha mbao, kama ilivyolazwa kila mwisho wa wiki.

"Futa tu vumbi na grisi," alisema. "Usiguse kitu kingine. Na jua lisikuzamie hapa." Akamfunga Nyaboke kitambaa kichwani, akaenda.

Nyaboke alifuta kwa moyo wote. Alitaka Jumatatu mama mdogo aikute presi ikimetameta. Kwenye sahani ya nati nane, grisi nyeusi ilikuwa imegandamana. Kitambaa kikavu hakikuitoa. Kopo la Scovia lilikuwa pale pale juu ya benchi. Alichukua ile dawa ya kuondoa rangi, akalowesha kitambaa, akasugua. Grisi ilitoka vizuri mno. Alipogeuza kitambaa akaona kimekuwa chekundu.

Aliitazama sahani. Mstari haukuwepo.

Nyaboke alisimama na kile kitambaa mkononi. Mstari wa mwili wa presi ulikuwa bado upo, lakini haukuweza kumsaidia, maana nyundo ilikuwa imelala chini na sahani imegeuka. Mstari uliofutika ulikuwa kando ya nati moja. Ipi? Zote nane zilifanana kama punje za mahindi. Alijaribu kukumbuka. Nje, watu walikuwa wakifunga vibanda. Jua lilikuwa limegusa paa la duka la mbegu.

Alifungua kichupa cha rangi ya kucha. Rangi ilikuwa nyekundu ile ile. Alichagua nati aliyodhani ndiyo, akachora mstari ulionyooka, akaupulizia ukakauka. Kisha akarudisha kopo chini ya benchi na kukimbia nyumbani. Alifika jua likiwa bado na ukucha mmoja juu ya mlima. Hakumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi Scovia alipiga pigo kavu, akatazama, kisha akaita, "Mniko! Mistari haikutani."

Mniko alikuja na kisanduku chake cha spana. Nyaboke alikuwa amesimama nje ya mstari wa njano na birika la uji.

"Nilisema wiki iliyopita," Mniko alinung'unika. "Mnyororo huu umelegea, umeruka meno. Leo nitaubadilisha."

Nyaboke aliweka birika chini. Mnyororo haukuwa umeruka popote. Mstari ndio uliohama.

Alimtazama Mniko akizima umeme na kufunga mnyororo mpya. Alimtazama akizungusha gurudumu kubwa kwa mkono, polepole, mpaka mistari miwili ikakutana. Kisha Mniko akalegeza nundu ya swichi, akaisogeza mpaka ikagusa kijiti, akakaza skrubu. Nyundo ilikuwa imepita kilele kwa upana wa kidole gumba tu, na upana huo jicho haliuoni kwenye mashine kubwa.

"Mjomba Mniko," Nyaboke alianza.

Wakati huo huo Bwana Willis aliingia. "Huyu mtoto anafanya nini hapa?" aliuliza.

"Ameleta uji," Scovia alijibu upesi. "Hajavuka mstari."

"Asivuke."

Nyaboke alimtazama mama yake kupitia mlangoni. Alikuwa ameinama juu ya jiko lake, na watu watatu walikuwa wakingojea chapati. Nikisema, aliwaza, tutatoka getini sisi sote: mimi, mama, na mama mdogo aliyeniacha na mashine. Kisha akajipa sababu nyingine iliyokuwa tamu zaidi. Labda mnyororo ulikuwa umelegea kweli. Labda nati niliyochagua ndiyo yenyewe.

"Ulitaka kusema nini?" Mniko alimwuliza, akifuta mikono.

"Uji utapoa," Nyaboke alijibu.

Jumatatu yote presi ilifanya kazi. Mawingu yalikuwa yametanda na karakana ilikuwa na ubaridi. Kufikia jioni Nyaboke alikuwa amejishawishi kwamba hapakuwa na tatizo.

Jumanne jua liliwaka toka asubuhi. Masanduku yalikuwa yakisubiriwa Migori na Homa Bay, na presi haikupumzishwa. Adhuhuri ilipokaribia, Nyaboke alikuwa akiosha vikombe nje. Alikuwa amezoea mlio wa presi hata hakuusikia tena: pigo, kimya kidogo, pigo, kimya kidogo. Akausikia ulipokosea. Pigo, kisha pigo jingine juu yake, bila kimya katikati.

Halafu mtu akalia, na Nyaboke akaijua sauti.

Priscilla aliangusha mwiko, akaingia mbio. Alipotoka, alikuwa amemshikilia mdogo wake, na leso yake mpya ya maua imezungushwa kwenye mkono wa kulia wa Scovia. Maua ya leso hayakuonekana tena. Mniko alisimamisha pikapu barabarani. "Kaa na jiko," Priscilla alimwambia Nyaboke, wala hakusema neno jingine.

Nyaboke alikaa na jiko. Makaa yaliisha, akaendelea kukaa.

Siku iliyofuata, alasiri, mama yake alimpeleka hospitalini. Scovia alikuwa kitanda cha dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa furushi jeupe la bendeji, na umbo la furushi lilikuwa fupi kuliko inavyofaa. Vidole viwili havikuwemo, cha shahada na cha kati. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, kucha zake zikiwa bado nyekundu.

"Mos, nyathina," mama mmoja Mjaluo wa kitanda cha jirani alimwambia Nyaboke. Alikuwa akimpa pole, akimwita mwanangu. Nyaboke alishindwa kumtazama.

"Bwana Willis alikuja?" Priscilla alimwuliza mdogo wake.

"Alikuja asubuhi." Scovia aliongea polepole, macho yakiwa darini. "Anasema mashine wameipima, haina kosa. Anasema nilisinzia, nikaingiza mkono kabla ya wakati."

"Ulisinzia?"

"Nilipiga pigo kavu, Priscilla. Nilitazama. Mistari ilikutana kabisa. Nilifanya kila kitu. Lakini kama mashine haina kosa, basi kosa ni langu. Labda nilisinzia. Sijui tena."

Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta, maana mkono aliouzoea kwa kazi hiyo ulikuwa ndani ya bendeji. Priscilla aliyafuta kwa ncha ya kitambaa chake, kwa nguvu kidogo, kama anayefuta meza.

Nyaboke alisikia yote. Alifungua mdomo, lakini muuguzi alikuja kusema muda umekwisha, naye akaufunga tena kwa haraka ya aibu, kama mtu aliyeokolewa.

Asubuhi iliyofuata Elvis alikuja kununua uji, kikombe cha mama yake mkononi.

"Leo Mama anakaa kwenye presi," alisema. "Amepandishwa cheo."

Kijiko kilimponyoka Nyaboke. "Presi ile ile?"

"Iko nyingine? Mniko aliipima jana mara mbili. Mistari inakutana. Mama anasema yeye hawezi kukatwa, yeye haoti mchana kama Scovia."

"Mama mdogo hakuwa anaota."

"Si mimi niliyesema. Watu wote wanasema." Elvis aliona uso wake, akashusha sauti. "Usikasirike. Mama mwenyewe hakulala jana. Anajifanya tu. Aliniambia nikalishe kuku mapema, kama mtu anayesafiri."

Akachukua kikombe chake na kuingia karakanani, akitembea kwa uangalifu ili uji usimwagike.

Nyaboke alimgeukia mama yake. Priscilla alikuwa akisukuma chapati.

"Mama. Mstari wa presi niliuchora mimi."

Mti wa kusukumia ulisimama.

"Ijumaa mama mdogo aliniacha nifute. Nilitumia dawa yake ya kucha. Mstari ukafutika, nikachora mwingine kwa rangi ya kucha. Sikujua ni nati gani. Nilikisia. Jumatatu Mniko akafunga swichi kwa mstari wangu."

Maneno yalitoka mfululizo, mengine yakikanyagana. Alipomaliza alingojea kofi. Alilitamani.

Priscilla hakuinua mkono. Uso wake ulikuwa umepauka kwa unga na kwa kitu kingine. Aliuliza jambo moja tu. "Mama Elvis ameshakaa?"

"Ndiyo."

Priscilla aliiacha chapati ikiungua kwenye kikaango, akamshika Nyaboke kifundo cha mkono. "Twende. Mdomo ni wako, utasema wewe. Mimi nitasimama hapo hapo."

Ndani, gurudumu kubwa lilikuwa tayari linazunguka. Mama Elvis alikuwa amepiga pigo kavu. Mniko na Bwana Willis walikuwa wameinama wakitazama sahani, wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mistari ilikuwa imekutana. Mama Elvis alichukua bati la kwanza.

"Mjomba Mniko," Nyaboke alisema. Presi ilikula sauti yake. Alisema tena, na hakuna aliyegeuka.

Priscilla alikwenda moja kwa moja ukutani, palipokuwa na swichi kubwa ya umeme, akaishusha. Karakana ikanyamaza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gurudumu liliendelea kuzunguka kwa uzito wake, likapungua, likasimama.

"Mama Nyaboke, una wazimu?" Bwana Willis alisema.

"Mtoto ana neno. Sema, Nyaboke."

Akasema. Alisema kuhusu Ijumaa, kitambaa chekundu, nati nane na jua la Sabato. Alisema kuhusu Jumatatu, alipoona na kunyamaza. Watu walikuwa wameacha meza zao na kusogea. Elvis alisimama karibu na mama yake, kikombe cha uji bado kikiwa mkononi. Mama Elvis alikuwa ameondoa mikono yake kwenye presi na kuiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine.

Mniko aliisogelea sahani. Alikwangua mstari kwa ukucha. Rangi ilibanduka kama gamba la samaki, na rangi ya chuma haibanduki hivyo. Akalegeza breki, akachukua kipande cha mbao na kukiwekea alama ya penseli karibu na nyundo. Kwa mkono alizungusha gurudumu polepole mpaka nyundo ikafika kwenye alama ikipanda, akachora mahali sahani ilipokuwa. Akazungusha tena mpaka nyundo ikarudi kwenye alama hiyo hiyo ikishuka, akachora tena. Kisha akapima katikati ya michoro miwili. Hapo ndipo penye kilele.

Palikuwa nati moja nyuma ya mstari wa Nyaboke.

Mniko aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea presi. "Kipimo hiki nilipaswa kukifanya Jumatatu," alisema. "Ni kazi ya muda mfupi tu. Niliamini rangi. Jana pia niliiamini, mara mbili." Alimtazama Nyaboke. "Wewe ulikosea kama mtoto. Mimi nilikosea kama fundi."

"Na mimi?" Mama Elvis alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema Scovia huota."

Bwana Willis alikuwa amevua kofia. Alizoea kutoa amri, na sasa ilionekana kana kwamba anatafuta pa kuziweka. Mwishowe alisema, watu wote wakisikia, "Scovia hakusinzia. Nililisema neno hilo bila kulijua, nami nitakwenda kulifuta mbele yake leo. Na presi haitawashwa mpaka Mniko aseme." Akamgeukia Priscilla. "Lakini nilisema kuhusu watoto na ule mstari wa njano."

"Ulisema, nami nilisikia," Priscilla alijibu. "Meza yangu itatoka getini leo. Mtoto ni wangu, Scovia ni ndugu yangu. Wewe nenda ofisi ya kazi kule Homa Bay, uwaeleze ajali ilivyotokea, kama ilivyotokea. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

Bwana Willis alikwenda. Mniko aliipanga nundu upya kwa kilele alichokipima, akabadilisha breki, na kwa patasi na nyundo ya mkono akachonga alama mpya kwenye chuma chenyewe, mahali ambapo kitambaa wala dawa haviwezi kuifuta. Tena akaweka kawaida mpya: kila akibadilisha mnyororo au kugusa swichi, atakitafuta kilele kwa mbao kabla ya kuitazama alama yoyote. Mama Elvis aliendesha presi kuanzia wiki iliyofuata, na nyundo ilisimama pale pale ilipotakiwa.

Meza ya Priscilla ilihamia ng'ambo ya barabara, kwenye vumbi. Wafanyakazi wengine walivuka kumfuata. Wengine hawakuvuka.

Scovia alirudi nyumbani kabla ya shule kufunguliwa. Jumapili ya kwanza Nyaboke alitoka chumbani na mkasi.

"Mama, ninyoe," alisema. "Nyoa zote. Sitaki kusukwa tena."

Priscilla aliutwaa mkasi, akautia mfukoni. "Nywele huota tena," alisema. "Usijiadhibu kwa kitu kinachoota. Nenda kwa mama yako mdogo, ana kazi na wewe."

Scovia alikuwa ameketi kwenye kigoda kwenye kivuli cha nyumba, kitambaa kimevuliwa, nywele zake zimefumuliwa. Alimpa Nyaboke kitana kwa mkono wa kushoto. Kucha zake hazikuwa na rangi.

"Sabato ijayo sitaingia kanisani na kichwa hiki," alisema. "Sina wa kunisuka. Utanisuka wewe."

"Sijui kusuka."

"Mimi najua. Nitasema, wewe utafanya."

Nyaboke alisimama nyuma yake. Hapo nyuma, mahali ambapo hawakutazamana, aliweza kusema alichokuwa amekibeba. "Mama mdogo, nisamehe."

Scovia alikuwa ameulaza mkono wa kulia mapajani, ukiwa na bendeji nyembamba sasa.

"Nimekusamehe," alisema. "Na mimi nilikosa pia, sikupaswa kukuachia mashine. Ila nisikilize, maana sitalirudia jambo hili, na wewe usilisahau. Ijumaa ile ungenifuata nyumbani ukaniambia, ningekugombeza mpaka Jumapili, kisha leo ningekuwa nakusuka. Jumatatu ungesema, Bwana Willis angepiga kelele, na leo ningekuwa nakusuka. Kila siku uliyonyamaza, kosa lako lilikuwa likitembea, wewe ukidhani limekaa ulipoliweka. Siku ya mwisho ulisema, na mikono ya Mama Elvis iko mizima kwa sababu yako. Hilo pia usilisahau. Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado dogo, hata kama mdomo unatetemeka."

"Nimesikia, mama mdogo."

"Basi gawa nywele. Anza kwenye paji la uso, urudi nyuma."

Nyaboke aligawa, akaanza kusuka. Vidole vyake vilikuwa vizito na nywele zilimponyoka. Alipofika kisogoni, Scovia aliinua mkono wa kushoto, akaupitisha juu ya mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akihisi kwa ncha za vidole.

"Umepinda," alisema.

"Nifumue?"

"Fumua, uanze tena. Bado ni mapema."